Jani la Isale na Majani ya Mpunga

Kuna watu wanaokusaidia mpaka unatamani wangekuchukia tu, mkae kwa amani. Mektrida ni mmoja wao. Nasema hivi nikiwa rafiki yake, na anayetaka kwenda kumwambia aende. Nimeshamwambia mwenyewe.

Tulijuana kiwandani, pale mjini Moshi, tukishona magunia. Yeye Mchagga wa Uru, mimi Mnyaturu niliyeletwa huku na mume wangu Mathayo, mkata miwa wa mashamba ya sukari, mpaka kifua kilipomchukua. Tulikaa miaka mingi, mashine yake kando ya yangu. Kisha kiwanda kikauzwa, tajiri mpya akaona tuko wengi mno, tukapewa mkono wa kwaheri. Mektrida akapanda mlimani kwenye kihamba cha mumewe Filemon, kwenye migomba na ile kahawa ambayo Filemon huapa kila mwaka kuing'oa kwa sababu ya bei. Mimi sikuwa na mlima wa kupanda. Nilishuka Mabogini, nikapanga chumba, nikawa kibarua kwenye majaruba ya mpunga ya watu. Ndugu zangu wa Singida walisema nirudi nyumbani. Nirudi na nini?

Halafu binti yangu Victoria akaniletea mjukuu. Akamwachisha ziwa kabla ya wakati, akaniachia, akaenda Holili kufanya biashara ya mitumba na Wakenya, kwa sababu siku hizi kila mtu ni mfanyabiashara. Mtoto, Pamela, alikuwa mwepesi kama kifaranga. Kliniki wakamwangalia, wakaniangalia mimi, wakasema apewe maziwa. Walisema kirahisi tu, kama vile nina zizi nyuma ya chumba.

Mektrida alimwona Pamela mgongoni kwangu, sokoni Mbuyuni, ambako hushuka Jumanne na Jumamosi kuuza ndizi. Jumanne iliyofuata akanipa chupa ya bia iliyojaa maziwa, imezibwa kwa jani kavu la mgomba lililokunjwa, na juu yake amefunga uzi wa bluu wa kushonea magunia. Siku ya kuondoka kiwandani kila mmoja alitoka na machozi, Mektrida alitoka na machozi na rola la uzi.

"Ya mtoto," akasema. "Na usinishukuru, nitakasirika."

Nikapokea. Jumamosi nikapokea tena. Wiki baada ya wiki, mvua na jua, napokea. Ana ng'ombe mmoja tu wa zizini, ana watoto wake, na nilijua siku za sokoni wao hunywa chai ya rangi. Nami nasimama pale na chupa yake mkononi, siruhusiwi hata kusema asante. Mkono mtupu haulambwi, ndivyo tulivyofundishwa, lakini mwanamke huyu aliulamba wangu mpaka nikaanza kuona haya kufika sokoni.

Siku moja, kiangazi kinaanza, akaanza kulalamika. Majani yamekwisha mlimani, ng'ombe anakula vigogo vya migomba, wanawake wa Uru wanashuka mpaka tambarare kutafuta majani na kuyabeba kichwani. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Majani? Mimi ninayo. Nina kijaruba changu kidogo. Majani ya mpunga yanaoza tu pale."

Sikuwa na jaruba. Sikuwa na ardhi hata ya kuzikia paka. Lakini uso wa Mektrida ulifunguka, akaniangalia kama mtu mwenye kitu, nami sikuwa nimeangaliwa hivyo tangu kiwandani. Ningeweza kusema nini baada ya hapo?

Nikaenda kwa Mzee Yohana, mwenye majaruba ninayolimia, Mchagga aliyehamia bondeni zamani. Nikamwamkia, nikamweleza nataka majani. Zamani walikuwa wakiyachoma moto baada ya kuvuna. Sasa wafugaji wa mjini walikuwa wanakuja na magari kuyanunua, na majani ya kuchomwa moto yakawa na bei kama sukari.

"Bure hakuna, mama," akasema. "Ila mke wangu ana vidonda vya tumbo. Hospitali wanasema anywe maziwa. Niletee maziwa, beba majani."

Ikawa hivyo. Nikifika nyumbani namimina nusu ya chupa kwenye sufuria ya Pamela, nusu inabaki chupani naipeleka kwa mama Salvina, mke wa Mzee Yohana. Majani nayafunga mizigo, yanakwenda mpaka Mbuyuni kwa mkokoteni, pale yanapakiwa kwenye pikapu ya Ebenezeri, ambaye ni wa ukoo wa Filemon na hurudi mlimani gari likiwa tupu akishashusha ndizi. Ng'ombe anakula, anatoa maziwa, maziwa yanashuka. Pamela akapata mashavu. Mama Salvina akaacha kujikunja. Mektrida akawa ananisifia kwa wauza ndizi wenzake: huyu mwenzangu ananipa majani ya shambani kwake, hataki chochote. Nami nilitembea kifua mbele, na sioni haya kusema hivyo. Ulikuwa mwaka mzuri.

Ulikuwa mzuri mpaka Mektrida alipoamua kunitembelea bila kusema. Akashuka siku ya Jumatano na mkungu wa ndizi mshare, apike mtori wa mtoto. Hajui chumba changu kilipo, kwa hiyo akaulizia nyumba ya kwanza njiani. Nyumba ya kwanza njiani ni ya Mzee Yohana. Na nje, kwenye benchi, amekaa mama Salvina anakunywa maziwa kwenye chupa ya bia, uzi wa bluu ameuzungusha kidoleni.

Alipofika kwangu hakubisha hodi. Mkungu aliutupa mlangoni.

"Mama Vicky, unauza maziwa yangu?"

Nilikuwa napepeta mchele. Nikaweka ungo chini.

"Karibu kwanza," nikasema.

"Nakuuliza. Wanangu wanakunywa chai ya rangi ili mjukuu wako apate. Nakuta bibi simjui anakunywa, anajilamba midomo. Kanunua kwako kwa bei gani?"

Hapo ndipo pa kusema ukweli, ninyi wenye akili mtaniambia. Lakini hebu kaeni mahali pangu. Nikisema ukweli, yale majani si zawadi yangu tena. Yanakuwa ni maziwa yake mwenyewe yaliyozunguka Mabogini na kurudi kwake yakiwa yamekauka. Mwaka mzima wa kutembea kifua mbele unakwenda na maji. Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kumpa mtu duniani, na hata hicho hakikuwa changu.

"Ukishanipa ni yangu," nikamwambia. "Kitu ukishatoa usikifuate nyuma."

Nilikuwa na hasira, na hasira haichagui maneno. Mektrida akamwangalia Pamela aliyekuwa anacheza na pumba, akageuka, akaenda zake. Mkungu akauacha. Hata katika ugomvi lazima akupe kitu, mwanamke huyu.

Jumanne hakuleta maziwa. Jumamosi nilimwona kwa mbali nyuma ya ndizi zake, akajifanya anahesabu vichana. Nami nikajifanya nanunua dagaa. Bila maziwa, Mzee Yohana hakutoa hata unyasi mmoja, nikawa sina majani ya kupeleka. Pamela nikamrudisha kwenye uji mtupu. Usiku analia, nami namlaani Mektrida, kisha najilaani mimi, kisha namlaani Victoria kule Holili, kisha naanza tena upya. Nilimchukia kila mtu aliyekuwa na ng'ombe. Na kwa yote hayo nilimkumbuka yule mwanamke, si maziwa yake. Nilikumbuka anavyocheka akiwa ameziba mdomo kwa kitambaa, tabia ya kiwandani, kwa ajili ya vumbi la katani.

Mwaka ule mvua zilichelewa. Siku moja nikamwona Filemon anakuja na baiskeli na kamba. Filemon ni mpole, huambiwa mambo ya nyumbani kwake wa mwisho.

"Shemeji, majani vipi?" akaniuliza. "Ng'ombe anayumba kwa njaa. Mwenzako mama Tito hasemi kwa nini umeacha kutuma. Nikaona nije niyakate mwenyewe. Nionyeshe jaruba lako."

Nikamwambia yamekwisha. Akasema ataokota yaliyobaki. Nikamwambia hata yaliyobaki yamekwisha. Akaondoka anatikisa kichwa, na kwa kuwa ni mtu mwema akapita kumsalimia mzee. Nilimwona kwa mbali akiulizia, na nikamwona Mzee Yohana akicheka mpaka akashika mti. Sikuhitaji kusikia. Beatha huyu kibarua wangu awe na jaruba? Majani ni yangu mimi, analipia kwa maziwa.

Basi nikajua kufika jioni Mektrida atajua. Nikangoja. Nilidhani kesho yake atakuja mwenyewe, atasimama mlangoni aseme: Mama Vicky, nilikukosea. Nilishajiandaa. Nilipanga hata nitakavyokaa kimya kidogo kabla ya kumjibu, ili aumie.

Akamtuma Filemon na jani.

Kwa wasiojua: isale ni mmea ambao Wachagga huupanda mipakani mwa vihamba, majani yake marefu na ya kijani. Mtu akimkosea mwenzake, humpelekea jani lake limefungwa fundo, na anayepelekewa hana ruhusa ya kukataa. Amekuulia ng'ombe, amekutukania mama, akileta isale yameisha. Nilikuwa nimeliona kiwandani mara moja, msimamizi mmoja alipomletea fundi baada ya kumpiga kofi, na fundi yule alipokea huku anatetemeka kwa hasira.

Filemon alinikabidhi kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. "Ametuma mama Tito," akasema.

"Na mdomo wake ameuacha wapi?" nikauliza.

"Shemeji, isale ni zaidi ya mdomo."

"Kwenu. Mimi si wa kwenu."

Filemon alikwenda, jani likabaki mapajani mwangu, na habari ikawa imeshafika kila mlango. Mama Salvina alikuja anajikongoja, tumbo limeanza tena kumsumbua.

"Mwanangu, isale halikataliwi."

"Mama, mimi kyasaka," nikamwambia. Ndivyo wanavyotuita sisi tusio Wachagga, watu wa porini.

"Hata kyasaka. Ukilikataa likitokea lolote kwa mtoto, utajilaumu."

Unaona mambo hayo? Mimi ndiye niliyeitwa mwizi mlangoni kwangu, na sasa mimi ndiye ninayeangaliwa na mtaa mzima kama mwenye deni. Yeye katuma jani moja, lisilo na gharama, lililoota lenyewe mpakani, na kazi yake imekwisha. Kusamehe sasa ni kazi yangu. Nilikasirika kuliko siku ile aliyonitukana. Nikaamua nitapanda Uru nimrudishie jani lake mkononi, nimwambie aseme kwa mdomo kama binadamu au tuachane.

Lakini utaendaje kwa mtu mikono mitupu, hata kama unakwenda kugombana? Nilijaribu kuwaza hivyo nikashindwa. Nikarudi kwa Mzee Yohana, nikamwomba mzigo mmoja wa majani, nitalipa maziwa yakipatikana. Aliniangalia kama ninayemkopa mvua. Mama Salvina akamwambia jambo kwa Kichagga, kwa ukali, na mzee akaenda kutafuta kamba.

Ebenezeri alinishusha barabarani, sehemu iliyobaki nikapanda kwa miguu, mzigo kichwani, Pamela mgongoni, jani nimelifunga kwenye pindo la kanga. Uru hakuna sehemu tambarare. Kila niliyekutana naye alisalimu na kusifu majani, nami nikaitikia huku naapa moyoni kwamba hii ndiyo safari ya mwisho.

Mektrida alikuwa zizini, anakatakata kigogo cha mgomba kwa panga. Ng'ombe alinisikia kabla yake. Mbavu zake ungeweza kuzihesabu, na alipoipata harufu ya majani alipiga kichwa kwenye mti wa zizi. Mektrida akageuka. Hakusalimu, nami sikusalimu. Akanitua mzigo, akafungua kamba, akamtupia ng'ombe fungu kubwa, na tukasimama tukimwangalia anavyokula, maana kwa hali ile ugomvi ungengoja.

Kisha nikafungua pindo la kanga.

"Nimekuletea jani lako."

Alirudi nyuma hatua. "Isale halirudishwi, Mama Vicky."

"Kwetu mtu akikosa husema. Hufungua mdomo."

"Niseme nini? Ungeniambia."

"Ungeniuliza."

"Nilikuuliza!"

"Hukuuliza. Ulisema unauza maziwa yangu, kanunua kwako kwa bei gani. Hilo ni swali?"

Akapangusa panga kwenye kitenge chake, upande mmoja na upande wa pili, muda mrefu. Alipoongea sauti haikuwa ile ninayoijua.

"Mwaka mzima nalala nikijua yule mtoto amekunywa chupa nzima. Wanangu wakilalamikia chai nawaambia nyamazeni, mwenzenu anapona. Kumbe ng'ombe wangu ndiye aliyekuwa ananyonya nusu ya chupa ya mtoto. Unafikiri nilivyosikia nilijisikiaje? Ningekuja mlangoni kwako na mdomo gani?"

Nikamsogezea ng'ombe majani yaliyodondoka.

"Na mimi ningekuja sokoni na nini?" nikasema. "Wewe unajua kutoa tu. Hujui kwamba kupokea ni kazi. Kila Jumanne, kila Jumamosi, mkono wangu uko chini ya wako. Nilitaka na mimi siku moja uwe juu. Hata kwa majani."

"Kwa majani ya kununua."

"Kwa majani ya kununua, ndiyo. Zawadi gani isiyonunuliwa? Yako inatoka kwenye vikombe vya wanao."

Pamela alikuwa ameteremka, ameshika mti wa zizi, anamwambia ng'ombe maneno yake. Mektrida alimtazama. Akaziba mdomo kwa pindo la kitenge, nikadhani anacheka, lakini hakuwa anacheka. Nilitaka kumshika bega na nilikuwa bado namkasirikia, basi nikabaki nimesimama na jani lao mkononi.

Akachukua kibuyu akakaa chini ya ng'ombe. Alikamua kwa muda mrefu, na kilichotoka kisingeweza hata kuibadili rangi chai ya watu watatu. Akaenda ndani, akarudi na chupa mbili za bia. Akamimina kwenye ya kwanza, akaiinua kwenye mwanga, akamimina kwenye ya pili, akazilinganisha. Vidole viwili kila moja.

"Hii ya Pamela," akasema. "Hii ya yule bibi. Kuanzia sasa zitakuwa mbili. Nikipata nyingi nyingi, nikipata kidogo kidogo. Ya mtoto isiguswe."

Mnaona alivyo? Tayari ameshanizidi tena. Majani sasa anayalipia yeye mwenyewe, waziwazi, na mimi nimebaki mchukuzi. Nilitaka kukataa. Lakini niliziangalia zile chupa mbili, vidole viwili vya maziwa kwenye chupa ya kuchukua bia nzima, nikaacha.

"Majani nitayabeba mimi," nikasema. "Mpaka barabarani kwa gari, na mpaka hapa kichwani. Usimtume tena Filemon na baiskeli. Na nikiyaleta, useme asante."

"Nitasema."

"Sema sasa."

Alikaza midomo. "Asante kwa majani," akasema, na ilimtoka kama jino. Nilijua basi kwamba na yeye hajawahi kufundishwa kupokea.

Akaziba chupa ya Pamela kwa jani kavu la mgomba, akalifunga kwa uzi wake wa bluu. Ya pili akatafuta jani jingine. Akaangalia chini ya migomba, akaangalia juu ya paa la zizi. Hakuna. Ng'ombe alikuwa ameshamaliza hata majani makavu ya kihamba kizima.

Nikaangalia mkono wangu. Nikafungua lile fundo, nikalikunja isale mara mbili, mara tatu, nikalisokota kwa kidole na kulikandamiza kwenye mdomo wa chupa. Likaingia, likashika.

Mektrida alikodoa macho. "Unafanya nini? Hilo ni isale."

"Najua. Si umenipa? Ukishanipa ni langu."

Alifungua mdomo kusema mambo ya mababu, nikaona yanamfika kooni. Akayameza. Akakata uzi kwa meno, akaifunga chupa ile mwenyewe, raundi tatu, kwa fundo letu la kiwandani lisilofunguka.

Nilishuka Mabogini jioni ile miguu inaniuma, nikiwa bado na hasira na milima na watu wake. Mama Salvina alinisubiri nje. Akaipokea chupa, akataka kuufungua uzi, akaliona jani. Akanyanyua macho, akaliangalia tena, akashindwa kujua alivute au aliache.

"Mwanangu," akasema, "hapa nani kamwomba nani radhi?"

Nikamwambia anywe maziwa yake.